Moshi bila gari: lipa unapopanda, tembea unaposhuka

Ukishuka kwenye basi pale stendi ya Moshi kwa mara ya kwanza, begi mgongoni na ndoo ya vyombo mkononi, watu wanne watakuuliza unakwenda wapi kabla miguu haijakaa sawa kwenye lami. Usijibu. Sema, "Namsubiri ndugu yangu," kasimame karibu na mama anayeuza ndizi, upumue. Mimi nilijibu. Nilisema "Ushirika", yaani chuo kikuu nilichokuja kusoma, nikapakiwa kwenye bajaji na kutozwa elfu saba kwa safari ambayo kesho yake niliifanya kwa mia sita. Tena kaka aliyenibeba alikuwa mchangamfu, akanionyesha mlima njiani, nikamshukuru kwa moyo wote.

Nimekaa hapa mwaka wa tatu sasa, na gari sina wala sitegemei kuwa nalo karibuni. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia wiki ile.

Kwetu ni Mafia. Kisiwa chetu ni tambarare kama meza: kutoka Kilindoni hadi Utende unaweza kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine umeshika embe, na hutahema. Nilipofika Moshi nikakuta watu hawasemi kaskazini wala kusini. Wanasema juu na chini. "Anakaa huku juu." "Mama ameshuka mjini." Mwanzoni nilidhani ni namna tu ya kusema, mpaka nilipopanda kwa miguu kutoka Mnara wa Saa kwenda chuoni saa saba mchana. Mji huu umelala kwenye mguu wa Kilimanjaro. Upande wa chini ni mita 700 na kitu juu ya bahari, upande wa juu unapita 900, na tofauti hiyo yote utailipa ama kwa nauli ama kwa jasho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: lipa unapopanda, tembea unaposhuka. Miaka miwili ya kwanza nilipanga Majengo, ambako ni chini ya chuo. Asubuhi nilipanda kifodi, yaani daladala, jioni nilirudi kwa miguu. Kwa nauli ya mia sita, siku sita kwa wiki, unaokoa 3,600. Kwa wiki kumi na tano za muhula ni 54,000, hela inayojaza mtungi mdogo wa gesi mara mbili na chenji ikabaki. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likichelewa, na huwa linachelewa, utanikumbuka.

Kujua uko wapi

Mlima uko kaskazini. Ukiutazama kutoka mjini, Kibo iko kushoto, ile yenye theluji, na Mawenzi iko kulia, ile yenye meno. Tatizo ni kwamba mlima huu una tabia ya bosi: unaonekana asubuhi mapema, saa kumi na mbili mpaka saa mbili hivi, kisha unajifunika mawingu na kurudi jioni ukipenda. Mwezi wa sita na wa saba unaweza kukaa siku nyingi bila kuuona kabisa.

Wakati huo tazama maji. Wiki yangu ya kwanza nilipotea Majengo usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia tatu. Vichochoro vyote vilikuwa vinafanana. Nikamkuta mama mmoja anafunga meza yake ya vitumbua kwa mwanga wa kibatari.

"Shikamoo mama. Samahani, barabara ya lami iko wapi?"

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Mafia, mama."

Akacheka. "Ndiyo maana. Sikiliza mtaro huo. Maji yanakotoka ndiko juu. Wewe lami unaitaka ya juu, fuata yanakotoka."

Nikainama, nikasikiliza. Kweli, mtaro ulikuwa unatiririka taratibu chini ya giza. Nikaufuata kinyume na maji, na baada ya dakika saba nikaona taa za magari. Tangu siku hiyo natumia mitaro kuliko ramani ya simu.

Nayo ramani ya simu ina kosa moja kubwa hapa: haioni makorongo. Mito yetu, Karanga upande wa magharibi na Rau upande wa mashariki, inashuka kutoka mlimani na kuukata mji kwa urefu. Kwenye simu rafiki yako anaonekana yuko mita mia nne kutoka kwako. Ukienda unakuta katikati yenu kuna bonde, migomba, mto chini, na daraja liko mbali kabisa. Ukipewa chumba cha bei rahisi upande wa pili wa mto, kwanza uliza daraja liko wapi na mvua zikinyesha linapitika.

Vifodi

Daladala hapa huitwa kifodi. Husemwa kwamba jina limetokana na magari ya Ford ya zamani, ingawa leo karibu yote ni Hiace. Ukisema daladala utaeleweka, ila konda atajua umekuja juzi. Vingi vinaanzia stendi, na njia imeandikwa mbele: KCMC (hospitali kubwa ya huku juu), Majengo, Pasua, Soweto, Kiboriloni, Rau. Ukiwa na shaka muulize konda swali moja tu, "Unapita wapi?" Usimuulize "Unafika chuoni?" kwa sababu konda yeyote anayetafuta abiria wa mwisho atakujibu ndiyo.

Vinaondoka vikijaa. Usiingie kwenye gari lenye watu watatu kwa sababu mpiga debe amekwambia "moja tu, tunaondoka". Na usidanganywe na vichwa unavyoviona dirishani: baadhi ni vijana wa stendi wamekaa kulipamba gari, ukikaa tu wanashuka mmoja mmoja. Wajue kwa kitu kimoja, hawana mzigo. Abiria wa kweli wa Moshi saa kumi jioni ana kifurushi cha mboga, au mtoto, au kuku.

Jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, ukisimama katikati ya njia hupati kitu, magari yanapita yamefurika. Hapo ndipo unageuza nayo: unapanda gari linalokwenda stendi, unabaki umekaa, linajaza, unarudi nalo. Unalipa nauli mbili lakini una kiti. Mimi hufanya hivyo nikiwa na mzigo wa soko tu.

Sasa nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayopanga. Desemba 2023 nauli ya kilomita kumi za mwanzo ilipanda kutoka mia tano kuwa mia sita, na nauli ya mwanafunzi ikabaki mia mbili. Usifurahi. Hiyo mia mbili ni ya wanaovaa sare, watoto wa msingi na sekondari. Nilijaribu mara moja kutoa kitambulisho cha chuo. Konda akakishika, akakitazama, akakizungusha, akawaonyesha abiria wote: "Jamani, mwanafunzi huyu ana ndevu." Nikalipa mia sita.

Ugomvi mkubwa ni wa chenji. Ukitoa noti ya elfu tano saa moja asubuhi utaambiwa "nitakupa mbele", na mbele hiyo haifiki. Kuna konda mmoja aliwahi kushuka na kupotelea kwenye gari jingine, akamwacha mwenzake ambaye hajui chochote kuhusu elfu nne yangu na mia nne. Njia yangu sasa ni hii: nabadilisha hela dukani kwa mangi jioni, nikinunua sabuni au mkate, ili asubuhi niwe na jero, yaani mia tano, na mia. Nikilazimika kutoa noti kubwa, naitoa mapema na nasema kwa sauti: "Konda, elfu tano hiyo, mmoja, nashuka Ushirika." Sauti si kwa ajili ya konda. Ni kwa ajili ya mama aliyekaa pembeni. Mama wa Kichaga akishasikia kwamba unadai, deni limekuwa lake. "We kijana, mpe mtoto chenji yake, anashuka." Sijawahi kupoteza hela nikiwa nimekaa karibu na mama. Ukimshukuru kwa "Aika, mama", atakuuliza kwenu ni Uru au Kibosho.

Kushuka, sema mapema kuliko ulivyozoea. Gari likiwa linateremka na limejaa, dereva anahitaji nafasi. Mimi nilikuwa nasema "shusha" nikiwa tayari nimefika, na mara zote nilirudi nyuma mita mia moja nikipanda.

Jambo jingine: usitupe ganda la ndizi dirishani. Moshi ina jina la usafi na wenyewe wanalilinda, faini zipo, na kabla ya faini kuna abiria. Nilimwona kijana ametupa chupa ya maji karibu na Mnara wa Saa, na gari zima likageuka kumtazama kama ametukana. Babu mmoja akamwambia tu, "Shuka ukaiokote." Dereva akasimama. Akashuka akaiokota.

Bodaboda na bajaji

Hizi ni za usiku, za mzigo, na za kuchelewa mtihani. Patana bei kabla hujapanda, na taja mahali kamili, maana "KCMC" ya getini na "KCMC" ya hosteli za nyuma ni bei mbili. Bei ya kupanda ni kubwa kuliko ya kushuka kwa umbali uleule. Nililalamika mwanzoni, kisha nikasikia pikipiki inavyolia kwenye mlima nikanyamaza.

Kilichonisaidia zaidi ni kuwa na mtu mmoja. Kwenye kijiwe cha karibu na unapokaa, chagua dereva mmoja ambaye haendeshi kwa fujo, msalimie kila siku hata kama hupandi, chukua namba yake. Baada ya saa tatu usiku vifodi vinapungua sana, na wakati huo unataka mtu anayejua geti lako, siyo mtu unayemwelekeza gizani. Wangu namwita bro, yeye ananiita Mafia. Nikiwa sina hela ananipeleka na namlipa Ijumaa, kwa sababu anajua chumba changu na anajua godoro langu.

Vaa helmeti ukipewa, hata kama inanuka. Usipande mshikaki, abiria wawili nyuma ya dereva kwenye mteremko wenye kokoto, hata mwenzako akikwambia ni hapo tu. Wakati wa masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, njia za udongo mwekundu huku juu zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Bodaboda mwenye akili atakwambia, "Shuka kidogo tutembee." Huyo usimwache.

Dada mmoja tunayesoma naye hupiga picha namba ya pikipiki au bajaji na kumtumia mwenzake wa chumbani kabla hajapanda, mbele ya dereva, bila kuficha. Anasema madereva wazuri hawakasiriki.

Baiskeli, na ndala yangu

Hapa nitakaa kidogo maana nilijifunza kwa maumivu.

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nilinunua baiskeli ya mtumba kwa laki moja na ishirini. Ilikuwa nzuri, gia saba, rangi ya bluu. Breki ya mbele haikuwepo kabisa, na ya nyuma ilikuwa ikishika kwa kubahatisha. Fundi aliniambia nirudi nayo abadilishe mpira na waya, elfu nane. Nikaona elfu nane ni nyingi. Kwetu baiskeli haina breki. Unataka kusimama, unashusha mguu, unaikandamiza ndala kwenye tairi la nyuma, basi. Nimesimamisha baiskeli hivyo tangu nina miaka saba.

Jumamosi nikapanda nayo mpaka KCMC, nikiisukuma sehemu kubwa ya njia. Nikamsalimia rafiki yangu, nikanywa chai, nikaanza kurudi. Mita mia mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Upepo, mikaratusi, watu wanapisha. Kisha nikaona kifodi kimesimama mbele kinashusha. Nikashusha ndala. Kule Mafia hapo ungesikia "shrrr" na mambo yamekwisha. Hapa nikasikia harufu. Ndala ilianza kutoa moshi, halafu ikalainika, halafu ikachomoka, nikabaki nakanyaga tairi kwa kisigino. Nikakata kulia kukwepa kifodi, nikavuka mtaro sijui kwa namna gani, nikaingia kwenye ua wa michongoma wa mtu.

Mzee akatoka na jembe mkononi. Nilijua nitapigwa. Akanitoa mwiba mmoja mmoja kwenye mkono, akaokota kipande cha ndala, akakinusa.

"Kijana, huku hatufungi breki kwa kiatu."

Kwa hiyo: breki zote mbili, kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya kengele, kabla ya keria. Tazama mpira wa breki: una mifereji midogo, na mifereji ikifutika ukawa laini, umekwisha, badilisha. Kwa mteremko wa hapa mimi hubadilisha kila muhula. Vuta mkono wa breki mpaka mwisho ukiwa umesimama. Ukigusa usukani, waya umelegea. Ukishuka, bana na kuachia, bana na kuachia, ukianza na ya nyuma. Ukiibana moja kwa moja mpaka chini, rimu inapata moto na breki inakuwa kama sabuni. Mvua ikinyesha anza kubana mapema zaidi.

Na ukipanda, sukuma. Hakuna anayekucheka. Utakutana na akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani kwenda sokoni, wao wanakusalimia wewe.

Baiskeli inalipa pale unapokwenda chini ya mji. Msitu wa Rau uko huko, una kivuli, na ukipita mbele unatokea kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, ambako kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona ardhi tambarare mpaka macho yalipoishia. Nilikaa pale kwenye tuta la mfereji saa nzima. Kumbuka tu kwamba kurudi ni kupanda, kwa hiyo anza kurudi jua likiwa bado juu.

Kutoka nje ya mji

Marangu panda gari stendi, linapita Himo kisha linakata kwenda mlimani. Beba sweta hata kama Moshi kuna joto. Materuni, kwenye maporomoko, unapanda gari la Uru na kumalizia kwa miguu. Kwenda Chemka, zile chemchemi za maji maangavu, panda gari la upande wa Arusha, shuka Boma Ng'ombe, kisha bodaboda kupitia Rundugai, vumbi tupu. Mkiwa wengi chukueni bajaji. Patana kwenda na kurudi, lakini ya kurudi ilipwe mkisharudi, maana kule hakuna kijiwe cha kumtafuta mwingine. Arusha ni kilomita 80, kosta zipo siku nzima, na usikae kiti cha nyuma kabisa ukiwa umeshiba.

Treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana miaka mingi. Ni ya taratibu, haina presha, na mzigo wako unakaa na wewe. Mimi huipenda nikiwa sina haraka ya kuwahi boti ya Nyamisati ya kuvukia kwetu Mafia.

Desemba ni habari nyingine. Kuanzia katikati ya mwezi Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila mahali, magari ya kwenda Rombo, Marangu na Machame yanajaa kabla hayajasimama, na mjini kuna foleni ambayo mwaka mzima huioni. Kama unasafiri kwenda pwani wakati huo utafurahi, kwa sababu watu wote wanakuja huku. Kurudi Januari, kata tiketi mapema.

Kuhama chumba

Mwaka huu niliamua kuhama Majengo nikapange Longuo, juu kidogo ya chuo, ili asubuhi niteremke nikiwa mkavu na jasho la jioni liishie bafuni. Kuhamisha vitu tunatumia guta, pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma. Nikamwita mwenye guta, akaja, akatazama.

Sikuwa na vingi: godoro la nne kwa sita, meza, mtungi wa gesi, ndoo mbili, boksi la vitabu, na ile baiskeli ya bluu.

"Shilingi ngapi, kaka?"

Hakuniuliza kilomita. "Unapanda au unashuka?"

"Napanda. Longuo."

Akazunguka guta lake, akapiga tairi teke, akainua boksi la vitabu kulipima, akalirudisha chini. Kisha akanitazama miguuni kuona nimevaa nini.

"Elfu kumi na tano. Na pale kwenye mlima utashuka usukume."

Nikaingia ndani kubadilisha ndala.